Notisi ya siku tatu imebandikwa mlangoni: je, wakili wa bure yupo kweli?

*Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu. Tulikuja Marekani tukiwa wakimbizi kutoka Kongo. Mume wangu anafanya kazi ghalani na mimi ninafanya usafi saa chache. Kwa mwezi tunapata kama dola 3,100 kabla ya makato. Tangu baridi ianze hita haifanyi kazi sawasawa, na ukuta wa chumba cha watoto umejaa ukungu. Tulimpigia msimamizi simu mara nyingi, hakuja. Basi tukazuia kodi ya miezi miwili ili asikie. Juzi tumekuta karatasi mlangoni inayosema tuondoke ndani ya siku tatu. Ndugu mmoja anatuambia tuhame kabla polisi hawajaja, maana ukipelekwa mahakamani unaharibu mambo yako ya uhamiaji. Mwingine anasema atatuandikia karatasi za mahakama kwa dola 300. Nimesikia kuna mawakili wa bure, lakini ninaambiwa ni wa raia tu, tena ni watu wa serikali wasioweza kusimama mbele ya wakili wa mwenye nyumba. Tufanye nini?*

Dada yangu, pole kwa baridi na pole kwa hofu. Nianze na lile unalopaswa kulijua kabla ya mengine yote: msihame kwa sababu ya karatasi hiyo peke yake, wala msiikunje na kuiweka kabatini. Mlichobandikiwa ni notisi ya mwenye nyumba, si amri ya mahakama. Katika jimbo la Ohio mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji lazima kwanza atoe notisi ya siku tatu, na sheria inamlazimisha aandike humo, kwa maneno yanayoonekana wazi, kwamba unaombwa uondoke, kwamba usipoondoka unaweza kufunguliwa kesi, na kwamba ukiwa na shaka kuhusu haki na wajibu wako unashauriwa kutafuta msaada wa kisheria. Isome tena, utayaona maneno hayo. Ikiwa hayamo, itunze karatasi hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa notisi yenye kasoro inaweza kuiangusha kesi nzima.

Siku tatu zikiisha, kinachotokea ni kwamba mwenye nyumba anapata ruhusa ya kwenda mahakamani. Atafungua kesi ya madai, mahakama itawaletea wito angalau siku saba kabla ya siku ya kusikilizwa, na hakimu atawasikiliza pande zote mbili. Akishinda, ni maofisa wa mahakama watakaosimamia kuondolewa kwenu, na hata wao hutangulia kubandika karatasi nyingine mlangoni, ile nyekundu ambayo wapangaji wa Columbus wanaifahamu sana. Kabla ya hapo mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kufuli, kukata umeme, maji au joto ili mchoke mwende zenu, wala kuvitoa vyombo vyenu nje. Akifanya hivyo anavunja sheria ya Ohio ya wenye nyumba na wapangaji, naye anaweza kuamriwa awalipe fidia pamoja na gharama za wakili wenu. Polisi hawaji kumtoa mtu nyumbani kwa notisi ya siku tatu.

Kuhusu uhamiaji, ndugu yenu amechanganya mambo mawili. Kesi ya kuondolewa katika nyumba ni ya madai, si ya jinai. Hakuna anayekamatwa, hakuna anayechukuliwa alama za vidole, na kudaiwa kodi si kosa la jinai. Hata hivyo nisiwadanganye kwamba kesi haina makovu. Ikishafunguliwa huingia katika kumbukumbu za mahakama, na kampuni zinazowachunguza wapangaji kwa niaba ya wenye nyumba huzisoma kumbukumbu hizo na zinaweza kuendelea kuitaja kesi kwa muda wa miaka saba, wakati mwingine hata kama mpangaji alishinda. Jambo linaloweza kuharibika, basi, ni nafasi yenu ya kukodi nyumba nyingine. Ndiyo maana siku hizi chache, kabla kesi haijafunguliwa, zina thamani kubwa kuliko wiki zitakazofuata: suluhu inayopatikana sasa haiachi alama mahakamani.

Sasa niingie katika swali lenyewe la wakili wa bure. Wengi wameona katika filamu mshtakiwa akiambiwa kwamba akikosa uwezo atapewa wakili, wakadhani haki hiyo ni ya kila kesi. Sivyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliitamka haki hiyo kwa kesi za jinai mwaka 1963, lakini mwaka 1981 ikakataa kuifanya kuwa ya kawaida katika kesi za madai. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza nyumba yake bila kuwa na wakili, na Katiba isiseme neno. Pengo hilo linazibwa, kwa kiasi fulani, na mashirika ya msaada wa kisheria. Mwaka 1974 Bunge la Marekani liliunda Legal Services Corporation, ambayo hupokea fedha za shirikisho na kuzigawa kwa mashirika huru yasiyo ya faida katika kila jimbo. Mashirika hayo hupata fedha nyingine kutoka kwa wafadhili, majimbo, na hata riba ya akaunti ambazo mawakili hutunzia fedha za wateja wao.

Mawakili wa mashirika hayo si maofisa wa serikali. Ni mawakili wenye leseni ileile aliyo nayo wakili wa mwenye nyumba, na wanafungwa na kiapo kilekile cha kutunza siri ya mteja. Mnachowaambia hawakipeleki kwa mwenye nyumba wala kwa idara ya uhamiaji. Kuhusu nguvu zao, niseme tu kwamba wakili anayeshughulikia kesi za nyumba kila siku ya kazi anaijua mahakama hiyo, taratibu zake na mahakimu wake kuliko mawakili wengi wanaolipwa fedha nyingi kwa kazi nyingine.

Je, mnastahili? Kwa kawaida mashirika yanayopata fedha za Legal Services Corporation huwahudumia wenye kipato kisichozidi asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, na kwa sababu maalumu yanaweza kupanda juu ya hapo. Mwaka 2025 kiwango hicho kwa kaya ya watu watano kilikuwa dola 37,650 kwa mwaka, na asilimia 125 yake ni kama dola 47,060. Ninyi mnapata dola 3,100 kwa mwezi, yaani 37,200 kwa mwaka. Mko ndani, tena kwa nafasi. Suala la uraia pia lisiwakatishe tamaa. Ni kweli kwamba fedha hizo za shirikisho zina masharti kuhusu hadhi ya uhamiaji, lakini mtu aliyeingia kama mkimbizi anahudumiwa, na vivyo hivyo aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu. Msomaji mwingine asiye na hadhi yoyote kati ya hizo asijihukumu mwenyewe akiwa nyumbani. Apige simu aulize, maana zipo huduma zinazoendeshwa kwa fedha zisizo na sharti hilo, zikiwamo kliniki za vyuo vya sheria, yaani ofisi ambako wanafunzi wa sheria huwasaidia watu wakisimamiwa na mawakili.

Nikishasema hayo, lazima niseme na upande wa pili. Msaada huu upo, lakini hautoshi. Ripoti ya Legal Services Corporation ya mwaka 2022 ilieleza kwamba watu wa kipato cha chini hawapati msaada wowote, au hawapati wa kutosha, kwa asilimia 92 ya matatizo yao mazito ya kisheria yasiyo ya jinai. Baadhi ya miji imeamua kumpa mpangaji maskini haki ya kuwa na wakili: New York ilianza mwaka 2017, na hapo Ohio, Cleveland ilipitisha sheria yake mwaka 2019 kwa ajili ya familia maskini zenye watoto. Mahali pasipo na haki hiyo, shirika huchagua kesi. Mnaweza kupewa ushauri kwa simu tu, au kusaidiwa kuandika barua na kuzungumza na mwenye nyumba, au kupata wakili wa kusimama nanyi mahakamani. Anayepiga simu akiwa bado na notisi mkononi ana nafasi nzuri kuliko anayepiga usiku wa kuamkia kesi.

Mkipiga simu, mtaulizwa mambo ambayo huenda yakawashangaza. La kwanza litakuwa jina la mwenye nyumba, kabla hata hamjaanza kueleza shida. Si kwamba wanampendelea. Wanahakikisha shirika halijawahi kumwakilisha yeye, kwa kuwa wakili hawezi kuwa wa pande mbili. Mtaulizwa kipato na idadi ya watu nyumbani. Mtaulizwa kama mnapata ruzuku ya nyumba, na msione swali hilo ni dogo, kwa sababu mwenye ruzuku mara nyingi ana notisi ndefu zaidi na ulinzi zaidi. Kusanyeni mkataba wa upangaji, notisi yenyewe, picha ya notisi ikiwa mlangoni, stakabadhi za kodi mliyolipa, picha za ukungu zenye tarehe, na ujumbe wowote wa simu kati yenu na msimamizi. Ikiwa mlimpigia tu bila kumwandikia, toeni orodha ya simu zilizopigwa. Si ushahidi mzito, lakini ni bora kuliko maneno matupu.

Sasa nifike palipo pagumu, na hapa ninaomba msinichukie. Kuzuia kodi ili mwenye nyumba atengeneze ni jambo linaloeleweka kwa kila mzazi, lakini Ohio hairuhusu lifanywe hivyo. Njia iliyowekwa ni hii: mpangaji anamwandikia mwenye nyumba barua inayotaja kasoro, anabaki na nakala, anampa muda wa kutengeneza usiozidi siku 30, na asipotengeneza mpangaji analipeleka fungu lote la kodi kwa karani wa mahakama badala ya kumpa mwenye nyumba. Fedha inakaa mahakamani, mwenye nyumba anaiona lakini haigusi, na mpangaji hahesabiwi kuwa na deni. Sharti lake kubwa ni kwamba mpangaji awe hadaiwi kodi anapoanza. Ninyi mmeshapita mlango huo kwa sasa, na sheria inayomkataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamika haimzuii kudai nyumba yake pale kodi inapokuwa haijalipwa.

Hiyo haina maana kwamba hita na ukungu vimekuwa bure. Mwenye nyumba bado ana wajibu wa kuiweka nyumba katika hali inayofaa kukaliwa na kuhakikisha mitambo ya joto inafanya kazi. Akiwashtaki kwa kutolipa, mnaweza kuleta madai yenu dhidi yake katika kesi hiyohiyo, mkidai kwamba nyumba aliyowapa haikuwa na thamani ya kodi aliyotoza. Mahakama inapopokea madai ya namna hiyo inaweza kuwaamuru muweke kodi mnayodaiwa, yote au sehemu, mikononi mwa mahakama mpaka kesi iamuliwe. Ndiyo maana swali ambalo wakili atawauliza mapema, na ambalo barua yako haikulijibu, ni hili: fedha ya miezi hiyo miwili bado ipo? Ikiwa ipo, ina nguvu kuliko hoja yoyote nitakayoandika hapa, kwa kuwa mnaweza kufanya suluhu, kuiweka mahakamani, au kulipa na kuanza upya kwa njia sahihi. Msiiguse. Ikiwa imeliwa na mahitaji, bado kuna kazi ya kufanya, ila lengo linabadilika: kutafuta msaada wa kodi kupitia mashirika ya hisani au lile lililowapokea, kupata muda, na kuondoka kwa masharti yasiyoacha hukumu katika jina lenu.

Msikimbilie pia kumtumia msimamizi nusu ya fedha bila maandishi. Malipo ya sehemu yanaweza kupokelewa na kesi ikaendelea, halafu mkabaki bila fedha na bila nyumba. Kwa upande mwingine, mahakama za Ohio huona kwamba mwenye nyumba aliyetoa notisi kisha akapokea kodi ya siku zijazo anaweza kuwa ameibatilisha notisi yake mwenyewe. Kwa hiyo kila malipo yawe na tarehe, stakabadhi na maelezo ya mwezi gani yanahusu, na ikiwezekana wakili awe ameyaona maelewano kwanza.

Huyo wa dola 300 mwacheni. Asiye wakili haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria wala kuwaandikia watu hati za kesi kwa malipo, hata kama ni mtu wa kanisani na anajua Kiingereza kizuri. Tena hapo Ohio, katika sehemu ya kesi inayohusu kuondolewa, mpangaji halazimiki kuwasilisha utetezi wa maandishi; anatakiwa kufika na kusema. Sijui huyo bwana angeandika nini cha dola 300. Maandishi yanahitajika pale mwenye nyumba anapodai pia fedha: sehemu hiyo hujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu kupokea wito, na watu wengi huisahau baada ya kuhama, kisha wanashangaa mshahara unapokatwa.

Ikiwa kesi itafunguliwa, fikeni mahakamani, mkiwa na wakili au bila wakili. Asiyefika hushindwa kwa dakika chache, hata kama ukungu umefika darini. Ombeni mkalimani mara tu mnapopokea wito. Mahakama ndiyo inayomlipa, si ninyi. Mwambieni karani kwamba mnazungumza Kiswahili cha Kongo, kwa sababu mkalimani aliyezoea cha Mombasa au Dar es Salaam anaweza kupotea kwenye maneno yenu ya kila siku, na neno moja kuhusu lini mlilipa linaweza kugeuza ushahidi. Mtoto asitafsiri, hata kama ndiye anayejua Kiingereza kuliko wote nyumbani. Kwa Columbus, mawakili wa msaada huwapo mahakamani siku za kesi za nyumba, hivyo mkifika bila wakili waulizeni walipo kabla hamjaingia ndani.

Jihadharini na mazungumzo ya koridoni. Wakili wa mwenye nyumba atawafuata kwa tabasamu na karatasi ya makubaliano. Anaweza kuwa mtu mwema, lakini si wakili wenu. Makubaliano mengi ya aina hiyo yanasema mtalipa kiasi fulani kila wiki, na mkichelewa siku moja mtaondolewa bila kusikilizwa tena. Mengine huwa ni hukumu dhidi yenu iliyovalishwa jina la makubaliano. Msitie sahihi kitu ambacho hakijatafsiriwa chote. Suluhu nzuri hutaja kesi itafutwa lini, hita itatengenezwa lini, na deni litahesabiwa vipi.

Umeuliza kwa namna fulani kama wakili wa bure atafanya tofauti yoyote wakati kodi haijalipwa. Mara nyingi ndiyo, kwa sababu yeye haangalii kodi peke yake. Ataangalia kama notisi ilitolewa ipasavyo, kama kesi ilifunguliwa kabla siku hazijaisha, kama aliyefungua ndiye mwenye nyumba kweli. Ataangalia kama jengo lina mkopo unaoungwa mkono na serikali ya shirikisho au linapokea ruzuku, kwa kuwa Sheria ya CARES ya mwaka 2020, ile ya msaada wa wakati wa korona, iliweka notisi ya siku 30 kwa nyumba za namna hiyo, na mahakama kadhaa zimeshikilia kwamba sharti hilo bado lina nguvu. Jambo kama hilo mpangaji hawezi kulijua kwa kuutazama mlango wake. Na hata pale asipopata kasoro yoyote, wakili anaweza kupata wiki tatu badala ya siku tano, na maneno "kesi imefutwa" badala ya "hukumu imetolewa".

Wakati mnasubiri, mwandikieni msimamizi leo kuhusu hita na ukungu, kwa ujumbe wenye tarehe, bila matusi na bila vitisho. Piga simu pia kwa idara ya jiji inayokagua nyumba; ripoti ya mkaguzi ina uzito ambao picha za simu hazina. Ikiwa mtoto anakohoa au anabanwa kifua, mpeleke kwa daktari kwanza kwa ajili ya afya yake, kisha omba maandishi ya ziara hiyo.

Mengi yanaweza kushughulikiwa kwa simu, lakini baadhi yanataka mwende wenyewe kwenye ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyohiyo: kufuli ikibadilishwa, joto au umeme ukikatwa kwa makusudi, wito wa mahakama ukifika, au karatasi nyekundu ikibandikwa. Kwa hatua ya leo, mtafuteni mtoa huduma wa eneo lenu kupitia tovuti ya Ohio Legal Help au ya Legal Services Corporation, na ombeni mkalimani tangu simu inapopokelewa. Msianze na historia ya hita. Anzeni hivi: "Tuna notisi ya siku tatu iliyobandikwa tarehe fulani, tuna watoto watatu, na kesi bado haijafunguliwa." Tarehe hiyo ndiyo itakayoamua faili lenu litafunguliwa leo au wiki ijayo.